Liwa, Manjano, Asali na Ndimu: Tathmini ya Dawa za Nyumbani za Kufifisha Madoa ya Chunusi

Katika nyumba nyingi za Pwani, binti akianza kutokwa na chunusi hapelekwi kwanza kwa daktari, husagiwa liwa, ule mti wa manukato wa kujipaka usoni. Zikishapona na kumwachia madoa, kila shangazi na kila jirani huwa na lake la kusema: huyu atataja manjano na asali, yule ndimu na sukari, mwingine ute wa mshubiri (aloe vera) uliokatwa muda huo huo uani, na siku hizi wapo wanaoshauri dawa ya meno na bekin soda. Tathmini hii inazihusu dawa hizo kama zinavyopatikana jikoni na sokoni, nami nimezipima kwa swali moja tu: je, doa lililobaki baada ya chunusi kupona hufifia mapema zaidi kwa aliyezipaka kuliko ambavyo lingefifia lenyewe?

Swali hilo lina uzito kwa sababu madoa mengi ya chunusi hufifia yenyewe. Mtu akipaka chochote kwa miezi kadhaa ataona nafuu, naye atakisifu kile alichokuwa akikipaka hata kama kilichofanya kazi ni muda peke yake. Kwa hiyo kila dawa niliyoijaribu niliipaka shavu moja tu, na lile jingine nikaliacha liende kwa kuoshwa kwa sabuni laini na kukingwa na jua. Picha nilizipiga mbele ya dirisha lile lile, wakati wa asubuhi, maana mwanga wa balbu hulificha doa au hulikoleza kwa namna isiyoaminika. Ngozi yangu ni ya maji ya kunde iliyokoza na ina mafuta, hivyo niliyoyaona yatawafaa zaidi wenye ngozi ya namna hiyo. Mwenye ngozi kavu anaweza kupata matokeo tofauti, hasa kwa upande wa muwasho.

Kwanza ieleweke ni kitu gani kinachotibiwa. Chunusi ni uvimbe, na uvimbe huzichokoza seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, ziitwazo melanositi, nazo zikichokozwa hutoa melanini nyingi kuliko kawaida. Watu weusi na weupe wana idadi inayokaribiana ya seli hizo. Tofauti ni kwamba kwetu sisi chembe za rangi zinazotoka humo ni kubwa zaidi na zimeenea zaidi, na ndiyo maana kipele ambacho kwa mtu mweupe kingeacha wekundu, kwetu huacha doa jeusi la miezi. Rangi hiyo ikibaki katika tabaka la juu, doa huwa la kahawia na huondoka kadiri ngozi inavyojivua na kuota upya, kazi ambayo kwa kijana huchukua takriban mwezi mmoja kwa kila mzunguko, na mizunguko inayohitajika ni kadhaa. Ikizama chini zaidi, doa huonekana la kijivu au lenye ubuluu kwa mbali, na la namna hiyo huweza kukaa mwaka na zaidi, upake usipake. Kisha yapo makovu yenyewe, yaani mashimo na vinundu. Kutofautisha ni rahisi: simama ubavuni mwa dirisha ili mwanga ukujie kwa pembeni, kisha uivute ngozi kidogo kwa vidole viwili. Doa ni tambarare na halitupi kivuli, ilhali shimo hutupa. Hakuna dawa hata moja ya jikoni inayojaza shimo, na anayeuza liwa au asali kwa ahadi hiyo anaahidi kisichowezekana.

Nianze na liwa, kwa sababu ndiyo niliyoipenda zaidi na ndiyo inayosemwa vibaya kutoka pande mbili: wapo wanaoiona kuwa mambo ya kizamani yasiyo na maana, na wapo wanaodai kwamba inaugeuza uso mweusi ukawa mweupe. Wote wanaikosea. Liwa nzuri huuzwa ikiwa kipande cha mti, si unga. Katika maduka ya udi na manukato ya Darajani kule Unguja, ya Mji wa Kale Mombasa au ya Kariakoo, muuzaji atakupa vyote viwili, na nakushauri uchukue kipande, kwa kuwa unga wa pakiti hujui umechanganywa na nini. Kipande husuguliwa juu ya msio, lile jiwe la matumbawe lenye uso wa kukwaruza, kwa matone machache ya maji au maji ya waridi. Mkono ukizunguka bila haraka, baada ya dakika chache hutoka uji mzito wa rangi ya chai ya maziwa, na harufu yake hujaa chumbani. Uji huo upime kati ya kidole gumba na cha shahada kabla ya kuupaka: ukihisi chembe, urudishe jiweni, kwa sababu chembe hizo zitaikwaruza ngozi iliyokwisha kuvimba, na mkwaruzo huo nao huacha doa.

Paka tabaka jembamba. Watu wengi huiacha liwa ikauke mpaka ipasukepasuke kisha wakaibandua kwa kucha, nalo ni kosa, maana ngozi huvutwa na kuwasha. Ioshe ikiwa bado na unyevu kidogo, kwa maji ya vuguvugu na viganja, pasipo kitambaa kigumu. Kwa upande wa maji ya waridi, yale ya kukamuliwa kwa mvuke ni tofauti na marashi ya chupa yenye manukato ya kiwandani. Haya ya pili yanafaa kunyunyiziwa wageni na nguo, na uso wenye chunusi hayaufai.

Matokeo yake? Shavu lenye liwa lilikuwa tulivu kuliko mwenzake. Mafuta yalipungua, vipele vipya vilikuwa na wekundu mdogo, na ule ujoto unaomfanya mtu apeleke mkono usoni kila mara uliondoka. Hata hivyo madoa ya zamani, yale yaliyokuwepo kabla sijaanza, yalififia kwa mwendo uleule wa shavu la pili, na picha za dirishani hazikuonyesha tofauti niliyoweza kuiapia. Ninavyoona mimi, kazi ya liwa iko kwenye doa ambalo halikupata nafasi ya kuzaliwa. Aliyejipaka liwa hatumbui chunusi, na kwa desturi hukaa ndani, mbali na jua, mpaka aioshe. Kipele kilichotulia bila kutumbuliwa huacha alama ndogo kuliko kilichofinywa kwa kucha. Hiyo ni faida ya kweli, nayo inatosha kuipa liwa alama ya juu bila kuisingizia weupe isiouleta. Anayenunua mti wa sandali badala yake afahamu jambo moja la pembeni: msandali wa Afrika Mashariki umekatwa ovyo kiasi kwamba Kenya iliupiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa imo katika udhibiti wa CITES, mkataba wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini. Usinunue kwa mtu asiyeweza kueleza kaupata wapi.

Manjano yana sifa kubwa zaidi ya liwa na kazi ndogo zaidi. Kurkumini, ile kemikali inayoyapa rangi, hutuliza uvimbe katika majaribio ya maabara, lakini hupenya ngozi kwa shida, na manjano ya kijiko yaliyokorogwa na maziwa hayana namna ya kuifikisha pale rangi inapotengenezwa. Lipo pia jambo linalowapumbaza wengi. Asubuhi baada ya kupaka, uso mzima huwa na umanjano mwepesi usiotoka kwa kuoshwa mara moja, na umanjano huo hupunguza tofauti kati ya doa na ngozi inayolizunguka, basi mtu hujitazama kwenye kioo akaona doa limefifia. Siku mbili baadaye umanjano ukishaisha, doa liko palepale. Nimelilinganisha hili kwenye picha na sina shaka nalo. Mto, kanga na ukingo wa beseni navyo hubaki na alama za manjano, na ngozi ya baadhi ya watu huyakataa kabisa ikatoka vipele vya mzio. Anayetaka kuyatumia kwa kupenda harufu na desturi yake, ambayo ni nzuri, na anunue mizizi mibichi aiponde mwenyewe. Unga wa rangi kali mno unatia shaka: watafiti walioyachunguza manjano ya Bangladesh walichapisha mwaka 2019 ushahidi kwamba baadhi ya wafanyabiashara huko waliyatia kromati ya risasi ili yang'ae, na madini ya risasi ni sumu ya ubongo, hasa kwa watoto.

Asali ni dawa nzuri iliyopewa kazi isiyo yake. Kwa kidonda inafaa sana: ina maji machache, ina uchachu, vijidudu haviishi humo kwa raha, na hospitali hutumia bendeji za asali iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda. Kwa hiyo chunusi iliyokwisha kupasuka yenyewe, ikawa na kidonda kibichi kidogo, hufaidika na tone la asali safi lililopakwa usiku kwa muda mfupi kisha likaoshwa, na ngozi inayopona bila kukauka na kutoa gamba gumu huacha alama ndogo zaidi. Doa la mwezi uliopita halina kidonda, na asali haina la kulifanya zaidi ya kuilainisha ngozi. Asali ya nyuki wadogo, ambayo wengi huisifu kuwa na nguvu kuliko nyingine, ni chachu na nyepesi zaidi, huchuruzika mpaka shingoni, na usoni haikunipa chochote ambacho asali ya kawaida ya Tabora haikunipa. Mtindi nao hupoza, una asidi ya laktiki kwa kiwango kidogo, na hauna madhara kwa wengi. Asidi hiyo hiyo katika losheni za dukani huwekwa kwa kiwango kikubwa zaidi, ndiyo maana losheni hufanya kazi ambayo bakuli la mtindi haliwezi.

Mshubiri ndio ulionishangaza. Jani lina sehemu mbili ambazo wengi huzichanganya: ute mweupe wa ndani, na utomvu wa manjano ulio chini tu ya ganda. Utomvu ndio ule mchungu unaotumiwa na akina mama kumwachisha mtoto ziwa, nao huwasha ngozi. Likate jani la nje lililokomaa, lisimamishe wima ndani ya kikombe mpaka utomvu uishe kuchuruzika, lioshe, ndipo umenye na kuchukua ute. Ndani ya mshubiri mna kemikali iitwayo aloesini, ambayo katika majaribio imeonekana kuizuia tairosinesi, kimeng'enya kinachotengeneza melanini. Kiasi kilichomo katika jani la uani ni kidogo, hivyo sikutarajia makubwa. Lakini madoa mapya, yaliyokuwa na wiki chache tu, yalififia mapema kidogo kwenye shavu la mshubiri kuliko kwenye lile la pili. Tofauti ilikuwa ndogo, ila kila picha iliionyesha. Madoa ya zamani hayakutikisika. Ute huo haudumu, hubadilika rangi ukawa na wekundu na kunuka usipowekwa kwenye friji, kwa hiyo kata kipande cha kukutosha siku hiyo. Kwa kuwa mmea wenyewe huota hata kwenye kopo la rangi lililotobolewa chini, gharama yake ni kama haipo.

Sasa nifike kwenye ndimu, dawa inayoshauriwa kuliko zote, nami naikataa bila kusita. Usoni sikuijaribu, na sababu zangu ni hizi. Ngozi yenye afya ina uchachu mdogo, kiwango cha takriban 5 kwenye kipimo cha pH, ambacho namba yake ikishuka uchachu huzidi, ilhali maji ya ndimu yako karibu na 2, na kila hatua moja ya kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi. Ndiyo maana huchonyota. Wanaoitetea husema kwamba ina vitamini C, na kwamba vitamini C hufifisha madoa. Maneno hayo yana nusu ya ukweli. Losheni za vitamini C zilizoonyesha matokeo huwa na kiwango cha asilimia 10 hadi 20, na katika gramu 100 za maji ya ndimu au limau hamna zaidi ya miligramu 50 hivi, yaani chini ya asilimia 0.1. Kilichomo kwa wingi ni asidi ya sitriki, na hiyo ndiyo inayouma.

Hatari kubwa zaidi lakini imo kwenye mafuta ya ganda. Ganda la ndimu lina kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo zikiwa kwenye ngozi na jua likazipiga, huiunguza ngozi kama maji ya moto. Maumivu hayaji papo hapo. Huchukua siku moja au mbili, ndipo panapojitokeza wekundu na pengine malengelenge, na baada yake hubaki weusi wa wiki nyingi au miezi. Nimeuona uso wa binti wa jirani aliyejisugua kwa nusu ya ndimu iliyochovywa kwenye sukari, kisha akatoka kuanika nguo. Siku ya tatu palikuwa na mchirizi mweusi kuanzia katikati ya shavu hadi kwenye taya, ukifuata njia ileile ambayo maji ya ndimu yaliteremka, na juu ya mchirizi huo pale aliposhika kwa vidole palikuwa na alama tatu za mviringo. Madoa ya chunusi aliyokuwa akiyatibu yalikuwa madogo kuliko punje ya dengu. Mama yake alidhani ni ugonjwa mpya. Kumweleza kwamba ni ndimu na jua kulichukua muda, kwa sababu ndimu ni kitu cha chakula na watu huona vigumu kuamini kwamba kinacholiwa kinaweza kuunguza. Anayesema kwamba ameitumia usiku na hakudhurika huenda anasema kweli, lakini hata usiku ule uchachu hubaki, na ngozi iliyochonyotwa ni ngozi iliyochokozwa, na ngozi iliyochokozwa hutoa rangi zaidi.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nisipoteze muda mwingi na nyingine za jamii hiyo. Dawa ya meno imetengenezwa kwa ajili ya meno. Ina sabuni na ladha za mnanaa zinazokausha kipele na kuacha duara lililobabuka. Bekin soda iko upande wa pili wa kipimo, zaidi ya 8, nayo huondoa ule uchachu wa asili unaoilinda ngozi. Siki ya tufaha ina asidi ya asetiki ya asilimia 5 hivi, na wapo walioungua kwa kuifunga kwenye ngozi kwa pamba kwa muda mrefu. Sukari na kahawa za kusugulia zifae miguu na viwiko. Kiazi kilichokatwa hakidhuru wala hakisaidii. Papai bivu ni hivyo hivyo. Papai bichi lina utomvu wenye papaini, kimeng'enya chenye nguvu ya kulainisha nyama jikoni, na sioni kwa nini mtu akiweke juu ya shavu lenye vidonda. Mafuta ya nazi, ambayo nayapenda kwa nywele na kwa mwili, huziba vinyweleo vya uso wenye mafuta na kuleta chunusi mpya, kwa hiyo anayeyapaka ili afifishe madoa huongeza kazi aliyokusudia kuipunguza.

Baada ya yote hayo nililazimika kulitazama upya lile shavu la pili, ambalo halikupata dawa yoyote. Lilikwenda sambamba na karibu kila dawa niliyoitaja, na lilichopata ni sabuni laini, vidole visivyotumbua, na losheni ya kukinga jua. Wengi wetu tumeambiwa kwamba mtu mweusi hahitaji kinga ya jua kwa sababu rangi yake inamtosha. Rangi hiyo humkinga na kuungua kwa kiasi kikubwa, lakini doa la chunusi ni mahali ambapo seli za rangi zimekwisha kuchokozwa, na jua huzichokoza tena kila siku. Wala si ile miale isiyoonekana tu: mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho nao hukoleza rangi kwenye ngozi nyeusi, na losheni nyingi nyeupe hazizuii mwanga huo. Zinazouzuia ni zile zenye rangi ya kahawia, zilizotiwa oksidi ya chuma, ambazo kwa bahati nzuri pia haziachi ule weupe wa majivu usoni. Tafuta yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) ya 30 au zaidi, paka urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Bei yake ni kikwazo cha kweli. Asiyeimudu avae mtandio unaotokeza mbele au kofia pana, na abebe mwavuli bila kungoja mvua. Huko Moshi hutengenezwa losheni ya kukinga jua ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, jambo linaloonyesha kwamba kinga nzuri inaweza kutengenezwa hapa hapa kwetu, na natamani siku moja viwanda vyetu viuze losheni ya rangi zetu kwa bei ya mtu wa kawaida.

Sina budi kusema pia juu ya liwa na manjano ya makopo, yanayouzwa yakiwa yamekwisha kuchanganywa, kwa ahadi ya uso kung'aa ndani ya siku tatu. Liwa haifanyi hivyo. Kinachofanya hivyo ni mkorogo, yaani haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli, vilivyotiwa ndani ya kitu chenye jina la asili ili mteja asiogope. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi huweza kuacha weusi wa kudumu wenye ubuluu, hali iliyoelezwa na madaktari wa Afrika Kusini mwaka 1975, nayo ni ngumu kuitibu kuliko doa lolote la chunusi. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, unaohusu zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondoke sokoni ifikapo 2025. Kwa Tanzania, vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango la nchi hiyo, tangu 2019. Kwa Kenya itazamwe alama ya KEBS, shirika la viwango la huko. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na tarehe ya kwisha muda lisipakwe usoni, hata kama anayeliuza ni mtu mnayefahamiana.

Kwa mwenye uwezo kidogo zaidi, famasia ina vitu vyenye ushahidi kuliko jiko. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20 hutibu chunusi na doa kwa pamoja, na madaktari huwaruhusu hata wajawazito kuitumia. Niasinamidi ya asilimia 4 au 5 ni laini na hupatikana katika losheni nyingi. Adapalini ya asilimia 0.1 huharakisha ngozi kujivua, lakini mjamzito haruhusiwi kuitumia, na mwanzoni hukausha ngozi, kwa hiyo hupakwa kiasi cha punje ya dengu kwa uso mzima, usiku, siku moja ikirukwa. Zote zinataka subira ya wiki 12 kabla ya kuhukumiwa. Ukiilinganisha gharama, kipande cha liwa cha kukaa mwaka mzima ni rahisi kuliko tyubu moja ya azelaiki, na mtu anaweza kutumia vyote viwili: azelaiki usiku, na liwa jioni moja moja kwa ajili ya kuipoza ngozi, mradi asipake kimoja juu ya kingine.

Mwenye mashimo, au mwenye makovu yanayovimba na kukua kupita ukubwa wa chunusi yenyewe, aende kliniki ya ngozi. Mashimo hutibiwa kwa sindano ndogo ndogo za kuchochea ngozi, kwa kukata nyuzi zinazolivuta kovu kwa chini, au kwa leza iliyorekebishwa kwa ngozi nyeusi. Vinundu huchomwa sindano ya steroidi ndani ya kovu lenyewe, na kuvikata tu huvirudisha vikiwa vikubwa zaidi. Aendaye huko abebe kila alichokuwa akikipaka, pamoja na makopo yasiyo na jina. Hasa aliyewahi kutumia mkorogo asiuache ghafla nyumbani kwa aibu kabla ya kumwona daktari, kwa sababu steroidi ikikatishwa ghafla uso huweza kuripuka vipele na kuvimba kuliko ulivyokuwa mwanzo, na daktari asiyejua kilichopakwa atatibu ugonjwa ambao haupo.